UDONGO TUNAOUCHIMBA NA JIRANI TUNAYEMWACHIA SHIMO

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani wa Bukoba na Muleba



Mada tuliyopewa inahusu utengenezaji wa matofali na hifadhi ya ardhi. Bila shaka wapo kati yenu waliojiuliza, walipoisikia ikitangazwa kanisani, tangu lini watu wa Haki na Amani wakaingilia kazi ya fundi mwashi. Mmezoea kutusikia tukisema juu ya mirathi, juu ya rushwa, juu ya mipaka ya mashamba. Twawaomba mvumilie. Mwenye kulifuata tofali kutoka ukutani lilipo hadi shimoni lilikotoka atakutana njiani na hayo mengine karibu yote.

Na tuanze na kisa chetu wenyewe, maana si haki kuanza na visa vya watu wengine.

Parokia tuliyopewa kuitumikia ilijenga ukumbi. Tulihitaji matofali yapatayo elfu ishirini. Fundi alituonyesha udongo mzuri bondeni, tukaambiwa kuwa mwenye eneo ni mzee fulani, tukapatana naye bei, tukamlipa, tukaandikishana mbele ya mashahidi. Vijana wakachimba, wakafyatua, wakachoma. Ukumbi ukasimama, ukabarikiwa, ngoma zikapigwa hadi jua kuzama. Mwaka uliofuata akaja ofisini mama mmoja mjane. Hakuja kugomba. Alikaa kitini, akasalimu kwa heshima zote, kisha akauliza: “Padri, lile shimo mtalifukia lini? Mwezi wa kumi nataka kupanda.”

Ndipo tulipofahamu kuwa mahali pale palikuwa shamba lake la maharage na viazi, alilokuwa akililima tangu mumewe akiwa hai. Aliyetia saini alikuwa shemeji yake. Hakuna aliyemwuliza huyu mama, nasi hatukuuliza kama yupo mtu wa kuulizwa. Tulikuwa na karatasi yenye mashahidi watatu, wote wanaume, na dhamiri zetu zikatulia juu ya karatasi ile.

Swali la mama huyo ndilo lililotuleta hapa leo.

NCHI YETU ILIVYOPANGWA

Asimamaye juu ya kilima chochote kati ya Kemondo na Kamachumu ataona nchi imelala kwa matuta marefu yanayofuatana, sambamba na ufuko wa Ziwa Viktoria, na kati ya tuta na tuta kuna bonde lenye maji. Juu ya matuta mna rweya, yaani mbuga ya nyasi juu ya mawe ya mchanga, yenye udongo mwembamba. Katikati ya nyasi hizo, kama visiwa, ndimo vilimo vibanja vyetu: migomba, mibuni, maharage chini yake, nyumba katikati.

Mgeni hudhani kuwa wazee walijenga pale kwa sababu walikuta udongo mweusi. Kwa sehemu kubwa mambo yalikuwa kinyume: udongo umekuwa mweusi kwa sababu watu wameishi pale. Mvua ya ufuko wa Bukoba, ambayo kwa mwaka hufika milimita 2,000 hivi na wakati mwingine huzidi, huosha rutuba ya udongo na kuipeleka chini isikofikiwa na mizizi. Kama mtu angeacha nchi hii ifanye ipendavyo, ingekuwa rweya tupu. Lakini ng'ombe walilishwa rweyani mchana, wakalala nyumbani usiku, na samadi yao ikaenda kwenye migomba. Nyasi zilikatwa rweyani, zikatandikwa sakafuni, na zilipochakaa zikatupwa kwenye migomba. Majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, yote yalikwenda huko huko. Kizazi baada ya kizazi rutuba ya rweya ilibebwa kichwani na kwa kwato hadi kibanjani.

Udongo wa kibanja, basi, ni kazi ya mikono ya watu kama lilivyo kanisa. Tena ndimo tunamowazika wazee wetu. Ndiyo maana hata mtu mwenye shida kubwa kiasi gani hapa kwetu huona haya kuuza udongo wa kibanja ufyatuliwe matofali. Anayetaka udongo huenda bondeni au rweyani, na hapo ndipo shida inapoanza, kwa kuwa tumejizoeza kuiona rweya kama mahali pasipo na mwenyewe. Lakini rweya ina wenyewe wengi. Ni malisho ya mwenye ng'ombe mmoja. Ni mahali ambapo akina mama, wasio na sauti juu ya kibanja, wamezoea kulima vijishamba vyao vya njugumawe. Ni chanzo cha nyasi za kutandaza chini ya migomba. Na bonde ni kisima cha kijiji kizima. Anayechimba huko hachimbi mahali patupu.

NYUMBA YA MAJANI, TANURI LA CHUMA

Wazee wa zamani hawakujenga kwa matofali. Msonge ulikuwa nyumba ya miti, matete na nyasi, paa lake likishuka hadi ardhini. Ulipochakaa ulibomolewa, na sehemu kubwa ya nyumba ikarudi kwenye migomba ikawa mbolea. Tusiusifu kupita kiasi: ulikuwa na moshi na giza, na cheche moja ilitosha kuuteketeza. Hatumwombi mtu yeyote arudi humo. Tunachokumbusha ni kwamba nyumba ile haikuacha shimo.

Tofali lilikuja na misioni, iliyofunguliwa Kashozi mwaka 1892, likaja na ofisi za Wajerumani na maduka ya mjini, kisha likawa alama ya mtu aliyefanikiwa.

Lakini kazi ya udongo na moto ilikuwa kongwe kuliko hayo yote. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, alichimba Katuruka, karibu na Maruku, na baadaye Kemondo, akafukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ambayo baadhi yake yana umri unaozidi miaka 2,000. Mwaka 1976 wazee wahunzi wa Kihaya, ambao ujana wao uliiona kazi hiyo, walijenga tena tanuri mbele yake. Walitumia udongo wa kichuguu na mavi ya chuma, na ndani wakachoma matete ya kinamasini. Mnaona jinsi walivyoifahamu nchi yao: kichuguu kwa sababu mchwa wamekwisha kuuchagua na kuufinyanga udongo wake, matete kwa sababu ya kaboni yanayoiacha, na makaa kutoka msituni. Walimu wa vyuo vikuu vya ng'ambo walistaajabu kuona chuma kigumu cha namna ya feleji kikitoka katika tanuri la udongo.

Hata hivyo Schmidt na wenzake waliona jambo jingine pia. Waliihusisha kazi ile ndefu ya chuma na kutoweka kwa misitu ya ufukoni, kwa kuwa tanuri linakula makaa. Yaani nchi hii imekwisha kuonja mara moja hali ya kuchoma udongo hadi miti ikaisha. Jambo hili tuliweke akilini tunapolisogelea tanuri la matofali.

TOFALI LINAKULA NINI

Tulipokuwa seminarini, kazi ya mikono ya Jumamosi ilikuwa mara nyingi kufyatua matofali. Tuliipenda, kwa kuwa ilikuwa ruhusa ya kuchafuka. Udongo hukanyagwa kwa miguu hadi ulainike, hutiwa katika kalibu ya mbao, hupigwa, hukatwa juu, na tofali bichi hutuliwa chini. Hufunikwa nyasi lisipasuke kwa jua. Likikauka hupangwa tanuri, likiachwa na midomo ya kuni chini, tanuri likasiribwa udongo nje, likachomwa usiku na mchana kwa siku mbili tatu. Matofali ya katikati hutoka mekundu na kulia kama chungu. Ya nje hutoka nusu mabichi, na mvua mbili tatu huyarudisha kuwa tope.

Hakuna aliyetufundisha kuhesabu gharama yake kwa nchi. Tuihesabu leo. Matofali elfu ishirini ya kawaida, hata bila ya yale yaliyovunjika, ni zaidi ya mita za ujazo 35 za udongo. Hicho ni chumba cha mita nne kwa nne, chenye kimo cha kumpita mtu mrefu, kimejaa hadi darini. Na hatukuchimba sisi peke yetu. Shimo lililo wazi humwalika mchimbaji mwingine, tulipoondoka, wengine waliendelea pale pale, kwa kuwa “mapadri wamekwisha kuchimba.” Mvua ya masika ililijaza maji. Muleba haihitaji kufundishwa na mtu yeyote juu ya maji yaliyotuama na malaria.

Kisha kuna kuni. Zamani zilitoka katika msitu wa asili. Siku hizi nyingi ni mikaratusi iliyopandwa rweyani na mabondeni. Aliye na mikaratusi ana fedha, na aliye na fedha hupata sehemu nyingine ya rweya ya kupanda mikaratusi. Mama anayeokota kuni za kupikia humkuta mwenye tanuri ametangulia. Wapo wanaochoma kwa maganda ya kahawa, nao tunawapongeza, ila tukumbuke kuwa maganda hayo yangeweza kurudi kibanjani kuwa mbolea, mahali yalikotoka.

Na wafyatuaji wenyewe ni akina nani? Ni vijana ambao kibanja cha baba yao kimegawanywa hadi hakigawanyiki tena. Tangu mwaka 2006 mnyauko wa migomba umeharibu vibanja vingi mkoani, na kijana ambaye zamani angekula ndizi za nyumbani sasa anatafuta shilingi ya unga. Analipwa kwa idadi ya matofali. Mvua ikinyesha usiku ikayayeyusha mabichi, katika mapatano mengi hasara ni yake, si ya mwenye nyumba. Kitabu cha Kutoka, sura ya tano, kinasimulia watu walioamriwa kutoa idadi ile ile ya matofali huku wakinyimwa majani ya kuchanganyia. Tunaisoma kila mwaka, na kila mwaka tunamfikiria Farao kuwa mtu wa mbali. Tuulizane leo, bila hasira: kati yetu tuliojenga kwa matofali ya kufyatuliwa, ni wangapi waliokwisha kulipa matofali yaliyoharibiwa na mvua?

Hivyo tusije tukatoka hapa na azimio la kuwafukuza wafyatuaji mabondeni. Hilo ni jepesi, na wengi watalipigia makofi, hasa wale ambao nyumba zao zimekwisha kumalizika.

SIKU ILE YA SEPTEMBA

Mnaikumbuka alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016. Tetemeko la kipimo cha 5.9 liliutikisa mkoa. Zaidi ya watu 15 walifariki, mamia waliumia, maelfu ya nyumba yakaanguka au kupasuka. Shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka kiasi cha kufungwa kwa muda.

Wiki zile watu wengi walisema kuwa udongo umetusaliti. Tukubaliane na nusu ya neno hilo. Ukuta mzito wa matofali uliofungwa kwa tope tupu, usio na lenta inayozunguka nyumba nzima kuzishika kuta pamoja, hauna budi kufunguka pembeni ardhi ikitikisika, hata kama kila tofali lake ni zuri. Na matofali yenyewe mara nyingi yalikuwa yale ya nje ya tanuri, nusu mabichi, kwa kuwa ndiyo bei nafuu na mnunuzi wake ni maskini. Udongo haukusaliti mtu. Ujenzi wa haraka na wa kubana fedha ndio uliosaliti, na waliokuwa na fedha kidogo ndio waliofukiwa.

Tetemeko lilifuatwa na jambo ambalo magazeti hayakuliona sana. Watu wote walihitaji matofali kwa wakati mmoja. Tulipopita vijijini kuwafariji wafiwa, tuliona matanuri yakifuka moshi mahali ambapo mwaka uliotangulia palikuwa na nyasi.

TOFALI LISILOPITA MOTONI

Ipo njia nyingine, nayo si ngeni. Katika miaka ya 1950, huko Bogotá nchini Kolombia, mhandisi Raúl Ramírez alibuni mashine ya mkono, yenye mkono mrefu wa chuma, inayoshindilia udongo wenye unyevu kidogo na saruji kidogo hadi ukawa tofali gumu lisilohitaji kuchomwa. Mashine za namna hiyo zilienea katika nchi nyingi maskini. Hapa Tanzania kitengo cha utafiti wa ujenzi kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho tangu 2001 ni Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, kimefundisha kwa muda mrefu matofali ya kufungamana: kila moja lina ulimi na tundu, yakaingiana yenyewe ukutani karibu bila ya kuhitaji chokaa ya kuunganishia.

Tuseme machache juu ya udongo wake, kwa kuwa hapa ndipo nchi na tofali vinapopatana. Udongo mweusi wa juu haufai. Mabaki ya majani na mizizi yaliyomo hulidhoofisha tofali na kuizuia saruji isishike. Unaofaa ni ule mwekundu wa chini, wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa kiasi. Ukiwa na mfinyanzi mwingi mno, tofali hupasuka likikauka. Ukiwa mchanga mtupu, halishikani. Udongo ule mnono wa bondeni, ambao mchomaji huutamani, kwa kazi hii mara nyingi huwa mzito mno hadi uchanganywe na mchanga. Ule mwekundu wa mteremkoni, alioudharau, mara nyingi ndio unaofaa. Ukubwa wa jambo hili mnauona. Udongo unaolisha watu ndio usiofaa kwa tofali hili, na unaofaa upo chini yake.

Kuupima si kazi ya maabara peke yake. Chukua chupa ya kioo, itie udongo hadi theluthi moja, jaza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, iache hadi kesho. Mchanga utakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu, nawe utaona kila kimoja kina kimo gani. Au tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa nne na kina cha nne, ukijaze udongo mbichi, uukaushe, kisha upime umesinyaa kiasi gani. Saruji hufuata kipimo hicho; mara nyingi ni ndoo moja kwa ndoo kumi au kumi na mbili za udongo. Baada ya kushindiliwa, matofali hayaanikwi juani. Hupangwa kivulini, hufunikwa, hunyunyiziwa maji kwa muda wa wiki moja, na huachwa yakomae hadi wiki nne. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa haraka ya kujenga.

Tusiwadanganye. Saruji nayo imepita motoni, ila kwingine, nasi hatuuoni moshi wake. Inanunuliwa kwa fedha taslimu, wakati kuni maskini angeweza kuziokota. Mashine moja ni ghali kwa mtu mmoja, ingawa si ghali kwa jumuiya kumi zikishirikiana. Na kwa mvua zetu, ukuta wowote wa udongo wataka msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, upenu mrefu, na lenta juu ya madirisha na milango. Mawe tunayo.

Faida kubwa tunayoiona ni hii, nayo haimo katika vitabu vya ufundi. Udongo mwekundu wa mteremkoni hupatikana pale pale nyumba inapojengwa. Mtu anayesawazisha kiwanja juu ya tuta, anayechimba msingi, anayechimba shimo la choo, hutoa kifusi chekundu na kukitupa chini, mvua ikakipeleka bondeni kuziba kisima. Kifusi hicho kingetosha sehemu nzuri ya kuta zake. Shimo ambalo lingechimbwa kwa jirani lingekuwa choo chake mwenyewe.

MWENYE UDONGO NI NANI?

Turudi kwa mama wa bondeni.

Sheria ya nchi haiko kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inauhesabu hata udongo wa ujenzi kuwa miongoni mwa madini, nayo haikusudii kumzuia mwanakijiji kuchukua udongo wa nyumba yake kwa desturi ya mahali pake. Biashara ni jambo jingine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, rweya ya pamoja ikiwemo, kwa kibali cha mkutano wa wanakijiji wote. Sheria hiyo hiyo inatamka kuwa desturi inayomnyima mwanamke haki ya kupata, kutumia au kumiliki ardhi ni batili.

Neno hili la mwisho lina historia hapa Muleba. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani akidai kuwa kwa desturi ya Kihaya mwanamke hutumia ardhi ya ukoo, haiuzi. Na kweli, kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilisema hivyo. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kuwa kanuni hiyo inapingana na Katiba. Mwanamke ana haki ile ile ya kuuza aliyo nayo mwanamume. Wanasheria katika nchi nyingine wanaisoma hukumu hiyo. Tukiwauliza wanakwaya wetu kama wanaifahamu, sijui ni wangapi watakaoinua mkono.

Miaka mingi imepita tangu hukumu hiyo, na sisi, tuliosoma maadili ya jamii kwa miaka kadhaa, tulikwenda tukamlipa shemeji. Hatukudanganywa na mtu. Tulifanya kama kila mnunuzi wa udongo afanyavyo: tulimtafuta mwanamume wa karibu zaidi na shamba. Mwenye mali akauza mbele yake, na mlimaji akapata habari kwa kuona koleo.

Kwa hiyo kamati za Haki na Amani zisingoje kesi. Zikisikia kuwa kuna udongo unaouzwa, waende watu wawili, mmoja wao mwanamke, wakaulize kwanza nani amelima pale msimu uliopita. Mapatano yaandikwe na mlimaji akiwapo, na ndani yake iandikwe kina cha shimo, nani atakayelifukia na kwa tarehe gani. Udongo mweusi wa juu utengwe pembeni kabla ya sururu kuingia kwenye mwekundu, urudishwe juu mwishoni. Na yaandikwe malipo ya mfyatuaji endapo mvua itayaharibu matofali. Mapatano hayo hayazidi ukurasa mmoja. Parokia na iwe ya kwanza kuyatumia, kwa kuwa katika vijiji vingi mjenzi mkubwa kuliko wote ni Kanisa.

Mtauliza shimo letu limefikia wapi. Tulimwomba mama radhi mbele ya jumuiya yake, na tulimlipa mavuno ya misimu miwili. Mtu mmoja alishauri tuligeuze kuwa bwawa la samaki. Mama alisema hajui kufuga samaki, anajua maharage. Basi tukabeba kifusi kutoka kwenye kiwanja cha nyumba mpya ya katekista na kulijaza, yapata robo tatu yake. Mwezi wa kumi uliopita alipanda upande mmoja. Maharage yaliota, yakawa ya manjano, yakazaa kidogo sana, kwa kuwa tulichorudisha ni udongo mwekundu wa chini. Ule mweusi tulikuwa tumeuchanganya na takataka siku ya kwanza ya kuchimba, wala hakuna aliyejua umekwenda wapi. Sasa jumuiya yake hupeleka samadi na nyasi kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Mama anasema itachukua miaka.

Baada ya chai tutateremka kwa miguu kwenda kuliona. Chupa za kupimia udongo zipo mezani, kila parokia ichukue moja. Waliovaa viatu vya ngozi waviache hapa, njia ina utelezi.